Donald na "mtawala wa dunia": jina lenye kinyota na sarufi yake

Tangu Donald Trump na Vladimir Putin walipokutana Anchorage, Alaska, tarehe 15 Agosti 2025, kuna ujumbe unaorudi kila mara majina yao yanapotajwa pamoja. Nimeuona WhatsApp, nimeuona Facebook, na jamaa yangu mmoja aliuleta kwenye kikundi cha ukoo akiwa ameusindikiza na aya za Ufunuo. Ujumbe wenyewe ni mfupi: Donald maana yake "mtawala wa dunia", Vladimir nalo maana yake "mtawala wa dunia", basi mwenye macho na aone. Anayetaka kuhakikisha huingia kwenye kurasa za majina ya watoto, au huiuliza programu ya akili mnemba, akajibiwa hivyohivyo kwa mstari mmoja, na akarudi kikundini akiwa na uhakika zaidi. Wanaombishia nao wanabisha vibaya. Wanasema ni uzushi mtupu wa mitandaoni.

Uzushi mtupu si kweli. Jina Donald limetoka kwenye umbo ambalo wataalamu wa lugha za Kikelti, yaani jamii ya lugha za kale za Ulaya magharibi, huliandika *Dumnowalos, na vipande vyake viwili hufasiriwa na wengi kuwa "dunia" na "mtawala". Msimamo wangu ni kwamba maneno ya ujumbe ule yanakaribia ukweli, ilhali namna yanavyoeleweka iko mbali nao. *Dumnowalos halitoi taarifa yoyote kuhusu mtu, wala halimtabirii lolote. Ni nomino ambatani iliyoundwa kwa kanuni za sarufi, ikarithishwa katika koo za watawala wa Ulaya magharibi kizazi hata kizazi, na hiyo "dunia" iliyomo ndani yake si lazima iwe hii tunayoijua kwenye ramani. Na kile kinyota kilicho mbele ya jina, ambacho kurasa za majina hukifuta, kina habari nyingi kuliko tafsiri yenyewe.

Katika isimu linganishi, kinyota hutuambia kwamba umbo linalofuata halikusomwa mahali popote. Limejengwa upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana na lugha mame moja. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuielewa njia hii haraka, kwa kuwa ndiyo iliyotumika kwa lugha zetu wenyewe. Kiswahili kina tatu, Kiganda ssatu, Kikuyu ithatũ, Kizulu -thathu, Kilingala misato. Hakuna aliyekiandika Kibantu mame kikiwa hai, lakini kwa kuona jinsi t ya hapa inavyolingana na th ya pale na s ya kule, neno baada ya neno, wanaisimu kama Carl Meinhof, na baada yake Malcolm Guthrie na A. E. Meeussen, waliweza kurudi nyuma hadi kwenye mizizi ambayo leo inakubalika. Kwa jina letu, mashahidi ni Domnall wa Kieire cha kale, yaani lugha ya asili ya Ireland, Dòmhnall wa Kigaeli cha Uskoti, na Dyfnwal wa Kiwelsh, lugha ya Wales. Mashahidi hao wana jamaa zao: Kieire kina Conall, Cathal na Tuathal, Kiwelsh kina Cynwal, Cadwal na Tudwal. Ukiyapanga ubavu kwa ubavu unauona mkia uleule ukijirudia. Kieire kilidondosha w iliyokaa kati ya irabu, Kiwelsh kikaihifadhi. Kieire kiligeuza u ya kwanza ikawa o kwa kuvutwa na irabu iliyofuata, Kiwelsh kikaifanya y kila ilipokuwa si katika silabi ya mwisho. Hata l mbili za Domnall na Conall, mbele ya l moja ya Cathal na Tuathal, zina kanuni yake, ambayo inaitwa kwa jina la Eoin MacNeill: silabi ya mwisho isiyo na mkazo ikianza na n, l au r, basi l inayoifunga huwa nzito.

Kisha liko jiwe. Kule Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye nyika iliyo karibu na Madron, limesimama jiwe liitwalo Mên Scryfa, "jiwe la maandishi", na juu yake imechongwa kwa herufi za Kilatini RIALOBRANI CUNOVALI FILI, yaani la Rialobranus mwana wa Cunovalus. Huyo Cunovalus ndiye Conall wa Kieire na Cynwal wa Kiwelsh. Pale jiweni, katika karne ya 5 au ya 6 BK, sehemu ya -oval- ingali nzima: o ya kuunganisha ipo, w ipo ikiwa imeandikwa V, na a ipo. Ni umbo ambalo wanaisimu wangelijenga kwa kulinganisha Conall na Cynwal hata kama jiwe lingekuwa limefukiwa ardhini. Anayedhani kazi hii ni ya kubahatisha na aanzie hapo.

Kipande cha kwanza cha jina ndicho chenye utajiri. Umbo lake la zamani zaidi ni *dubno-. B ilivutwa na n inayoifuata ikawa m, na maumbo yote mawili yakaishi pamoja kwa muda mrefu. Julius Caesar anamwandika mkuu mmoja wa Waedui, kabila la Gallia (Ufaransa ya leo), kwa jina Dumnorix, lakini sarafu za mtu huyohuyo zinasomeka DVBNOREX. Mzizi wake katika Kihindi-Kiulaya mame, lugha mame ya lugha nyingi za Ulaya na Asia, ulihusu kina, na ndiko kulikotoka deep ya Kiingereza, tief ya Kijerumani na dubus ya Kilithuania. Kwa hiyo mwanzo wa neno hili ni kitu chenye kina. Dunia ilikuja baadaye, na haikuja kila mahali. Kieire kilipata maneno mawili humo: domhan, "dunia", na domhain, "-enye kina". Kombe la Dunia kwa Kieire ni Corn an Domhain, na hapo neno la dunia, kwa kuwa liko katika hali ya umilikishi, linaandikwa herufi kwa herufi sawa na neno la kina. Kiwelsh hakikupita njia hiyo. Kwa Kiwelsh dwfn ni "-enye kina" basi. Dunia ni byd, kutoka *bitus, na Kombe la Dunia ni Cwpan y Byd. Mahali ambapo dwfn inaugusa ulimwengu ni katika Annwfn, ile milki ya chini inayotajwa katika hadithi za kale za Wales, ambayo si makao ya watu wa kawaida. Sasa anayesema *Dumnowalos ni "mtawala wa dunia" anamsikiliza shahidi wa Ireland na kumziba mdomo shahidi wa Wales. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba dumno- ilikuwa ardhi iliyo chini, mkabala na anga iliyo juu, na kutoka hapo Kieire kikaipanua hadi kuwa dunia yote. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: wanayachukua majina Albiorix, Bituriges na Dumnorix wakaona humo ulimwengu wa ngazi tatu, albio- juu, bitu- katikati, dumno- chini. Nadharia hiyo inavutia, ila imejengwa juu ya majina matupu bila hadithi wala andiko la kuyaelezea, na siko tayari kuibebesha uzito.

Kipande cha pili, -walos, kinaeleweka kwa wepesi zaidi. Kinatoka kwenye mzizi wa kuwa na nguvu na kutawala, uliozaa flaith, "utawala", katika Kieire, gwlad, "nchi", katika Kiwelsh, na valere ya Kilatini iliyotuletea akina Valeria, Valentina na Valerian waliojaa parokiani kwetu. Lugha za Kigermanik na za Kislavoni ziliuongezea mzizi huo d. Ndiyo wald ya Oswald na Walter, na ndiyo vlad ya Vladimir. Basi ni kweli kwamba Donald na Vladimir wana undugu, ila undugu huo umekaa katika kutawala, na haupo hata kidogo katika dunia. Vladimir katika Kislavoni cha kale liliishia na -měrъ, ambayo wengi huihusisha na mērs ya Kigothi na māros ya Kikelti, "mkuu, mashuhuri". Wasemaji wa baadaye ndio walioisikia kama mir, neno la Kirusi lenye maana ya amani na ya dunia, na kutoka hapo tafsiri ya "mtawala wa dunia" ikazaliwa.

D iliyo mwishoni mwa Donald nayo ni ya kubandikwa. Dòmhnall haina d mwishoni na haijawahi kuwa nayo. Waandishi wa hati za Kilatini nchini Uskoti, waliozoea majina ya Kigermanik yenye -ald, waliisikia ile l nzito ya Kigaeli wakaandika Dovenaldus, na Kiingereza kikabaki na Donald. Ukitazama tahajia pekee utaapa kwamba Donald na Ronald ni pacha wa tumbo moja. Ni jamaa kweli, lakini kwa ile w iliyomezwa na l iliyobaki, wala si kwa -ald inayoonekana. Ukoo wa MacDonald unalionyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote ninaoufahamu. Umepewa jina la Domhnall, mwana wa Raghnall, mwana wa Somerled aliyeuawa mwaka 1164. Raghnall ni Rögnvaldr wa lugha ya Waviking, yaani Ronald. Baba alikuwa na d halali ambayo Kigaeli kiliipoteza, mwana akapewa na waandishi d ambayo jina lake halikuwa nayo, na leo majina yao mawili yanafanana kwa sababu isiyo ya kweli huku sababu ya kweli ikiwa haionekani.

Sarufi ndiyo inayoivunja kabisa tafsiri ya mstari mmoja. Kiswahili huanza na kichwa cha kirai: mtawala wa dunia, mpiga ngoma, mwana wa mfalme. Kikelti mame, katika majina kama haya, kiliweka kinachofafanua mbele na kinachofafanuliwa nyuma, vikashikanishwa na irabu o isiyo na maana yake yenyewe: dumn-o-walos. Humo hamna "wa" wala kitenzi, hamna wakati, na kipande cha kwanza hakisemi ni cha umoja au cha wingi. Uhusiano wa vipande viwili umeachwa wazi. Unaweza kusoma mtawala wa dunia, au mwenye nguvu juu ya nchi, au mtawala aliye hapa chini tofauti na walio juu. Na ukimfuata shahidi wa Wales unaweza kusoma mwenye utawala wenye kina. Msomaji wa leo ndiye anayechagua, na akishachagua anadhani jina limesema.

Mkia -os nao una kazi. Unaonyesha jinsi ya kiume, umoja, na kwamba mwenye jina ndiye kiima cha sentensi. Akiwa ndiye anayetendwa angekuwa *Dumnowalom, akiitwa angekuwa *Dumnowale. Umbo la umilikishi ndilo lenye ubishi. Kieire na Kigallia vyote viwili vinaonyesha -ī, kama Kilatini, na kwa hiyo wengi huandika *Dumnowalī. Lakini Kikeltiberia, lugha ya Kikelti iliyosemwa Hispania, kina -o mahali hapo, kwa hiyo anayedai kwamba Kikelti mame kilitumia -ī anapiga hatua ambayo shahidi mmoja wa zamani sana anaipinga. Hata hivyo -ī hiyo haijafa. Kieire kilipopoteza silabi za mwisho, irabu hiyo ilikuwa tayari imeilainisha konsonanti iliyoitangulia, na ulaini huo ukabaki. Ndiyo sababu mtu ni Domnall, lakini mwanawe ni mac Domnaill. Ni Dòmhnall, lakini ukoo ni MacDhòmhnaill. Ile i ndogo kabla ya ll ni alama ya irabu iliyotoweka yapata miaka 1,500 iliyopita, na majina ya ukoo kama O'Donnell na MacDonnell yametokana na umbo hilohilo la umilikishi. Katika kisiwa cha Lewis, ambako Mary Anne MacLeod, mama yake Trump, alizaliwa kijijini Tong mwaka 1912 na kukua akisema Kigaeli, anayemwita Dòmhnall husema a Dhòmhnaill. Mwisho unalainika, na d ya mwanzo hugeuka kuwa sauti iliyo karibu sana na gh yetu ya ghali na ghafla. Msemaji wa Kiswahili anaweza kuitamka sawasawa kuliko Mwingereza, na nimefurahi kila nilipomsikia mtu akiijaribu.

Tuzipime sasa hoja. Wanaouamini ujumbe ule wana hoja moja ya haki. Majina ya aina hii hayakutolewa ovyo. Yalipewa watoto wa wakuu, na vipande vyake vilichotwa kwenye msamiati wa vita, ukuu na wanyama: *katu-, "vita", *kuno-, "mbwa wa kuwinda", *touto-, "kabila, watu", -rīxs, "mfalme", -māros, "mkuu". Anayesema kwamba vipande hivyo havikuwa na maana yoyote masikioni mwa walioviunda anazidisha. Hoja yao dhaifu ni ya pili, kwamba maana hiyo humfuata mwenye jina hadi leo. Historia ya wenye majina haya inaijibu. Dumnorix, ambaye kwa kanuni ileile ni "mfalme wa dunia", aliuawa mwaka 54 KK na wapanda farasi wa Caesar baada ya kukataa kuvuka naye kwenda Britania, na Caesar mwenyewe ameandika kwamba alikufa akipaaza sauti kuwa yeye ni mtu huru wa taifa huru. Bituriges, kabila zima lililoitwa "wafalme wa dunia", walitawala sehemu moja tu ya katikati ya Gallia, na mwaka 52 KK wakaupoteza mji wao Avaricum, ambao leo ni Bourges na bado unabeba jina lao. Dubnovellaunus wa Britania ana jina lililo karibu sana na letu, kwa kuwa vellaunos huhusishwa na wengi na mzizi uleule wa kutawala, ingawa irabu yake ina ubishi. Yumo katika maandishi ya Kaisari Augusto, yule wa Luka sura ya pili, yaliyochongwa kwenye kuta za hekalu Ankara, na anatajwa miongoni mwa wafalme waliokwenda kwa Augusto kuomba hifadhi. Naye Domnall Brecc, mfalme wa Dál Riata katika Uskoti ya leo, aliuawa Strathcarron mwaka 642, na mshairi wa Kiwelsh akaimba kwamba kunguru walikitafuna kichwa chake. Wapo wanaoniletea hapa methali ya jina jema hung'ara gizani. Methali hiyo inazungumzia sifa ambayo mtu amejijengea kwa mwenendo wake. Asili ya silabi za jina lake haimo.

Tena majina ya vipande viwili yalikuwa na desturi yake katika sehemu kubwa ya Ulaya ya kale. Vipande vilirithiwa na kuungwa upya bila kujali kama vinaleta sentensi. Kwa Wagermanik, ambako kumbukumbu ni nyingi, alikuwapo Fredegund, malkia wa Wafranki aliyefariki mwaka 597, ambaye jina lake ukilipasua ni "amani" na "vita". Hakuna mzazi aliyekusudia fumbo hapo. Kila kipande kilikuwa na heshima yake, na viwili vikakutana. Baadaye jina zima likawa ndilo linalorithiwa. Uskoti inahesabu wafalme watatu walioitwa Donald, wa kwanza akifariki mwaka 862 na wa tatu, Domnall Bán, akipinduliwa mwaka 1097, na hakuna haja ya kufikiri kwamba mmoja wao alipewa jina kwa sababu mtu alikumbuka dumno- ilimaanisha nini. Alipewa kwa sababu lilikuwa jina la watu wa nyumba ile. Wakikuyu hulielewa jambo hili bila kufundishwa: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na Kamau wa leo ni Kamau kwa sababu babu yake alikuwa Kamau. Maana ya jina ni yule babu.

Upande wa wanaobeza nao una hoja dhaifu na hoja nzito. Iliyo dhaifu ni kwamba kilichojengwa upya ni ndoto ya wasomi. Nenda kwenye mstari uleule wa Augusto. Baada ya Dumnobellaunus, kama anavyoandikwa pale, linafuata jina la mfalme mwingine wa Britania ambalo limeharibika. Kwa miaka mingi wasomi walilijaza Tincommius, wakitegemea sarafu zenye herufi za mwanzo tu za jina. Mwaka 1996 hazina ya sarafu za dhahabu ilipatikana Alton, Hampshire, nayo ikaonyesha kwamba jina kamili lilikuwa TINCOMARVS. Ujazo wa zamani ukaachwa. Hivyo ndivyo umbo lililojengwa linavyotakiwa kuishi: linasimama hadi ushahidi uliangushe, na likiangushwa hakuna anayelilia. Na -marus huyo ndiye ndugu wa -měrъ ya Vladimir. Dumno- na -marus walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye ukuta wa Ankara tangu karne ya 1 BK, kama majina ya wafalme wawili waliokuwa wakimbizi.

Hoja nzito ni hii. Kulingana kwa Domnall na Dyfnwal hakuthibitishi kwamba aliwahi kuwapo mtu aliyeitwa *Dumnowalos wakati wa Kikelti mame, wakati ambao wengi huuweka karibu miaka 3,000 iliyopita. Vipande vyote viwili viliendelea kuunda majina kwa karne nyingi, na Ireland na Britania zingeweza kuliunda jina lilelile kila moja kivyake. Zaidi ya hapo, watu wa zamani walijua kwamba majina yao yanalingana. Yule Domnall Brecc wa Wagaeli, mshairi wa Kiwelsh anamwita Dyfnwal Vrych. Hakuiga sauti aliyoisikia kutoka kwa jirani. Aliweka Dyfnwal mahali pa Domnall, na brych mahali pa brecc, "mwenye madoadoa", kila neno kwa mwenzake, na hata konsonanti ya kwanza ya brych akailainisha kwa kanuni ya lugha yake. Kama hilo liliwezekana, basi baadhi ya ulinganifu tunaoutumia kama ushahidi wa lugha mame huenda uliundwa na majirani waliopigana, wakaoana na kutafsiriana majina. Hoja hii naikubali kwa nusu. Inagusa swali la kama mtu fulani alibeba jina hilo. Haigusi vipande vyenyewe, mpangilio wao, irabu ya kiungo wala mkia, maana Gallia na Britania zilikuwa na hayo yote kwenye sarafu karne nyingi kabla ya Domnall Brecc kuzaliwa. *Dumnowalos ni jina ambalo sarufi ya Kikelti mame iliruhusu na ambalo lugha mbili zilizotokana nayo zilikuwa nalo. Hapo ndipo ushahidi unapofika, na kinyota ndicho kinachoweka mpaka huo.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili kuliko linavyostahili ubishi wa kikundi cha ukoo. Kurasa zilezile zinazotoa "maana" ya Donald kwa mstari mmoja sasa zina orodha ndefu za majina ya Kiafrika, na programu za akili mnemba zinazijibu simu za wazazi kutoka orodha hizo. Kila jina hutakiwa liwe na sentensi: mtoto wa kwanza, zawadi ya Mungu, shujaa, mrembo. Wanjiku akiulizwa humo hupewa sentensi, ilhali kwa Wakikuyu jina hilo linasimama juu ya simulizi la mabinti wa Gikuyu na Mumbi na ukoo wa Agaciku. Kosa ni lile lile alilofanyiwa Donald. Jina linalofanya kazi ya kumweka mtu katika nasaba linalazimishwa liwe neno la kamusi, kisha neno hilo linachukuliwa kuwa utabiri.

Njia ya kuandika vizuri ipo, na haihitaji kurasa nyingi. Kamusi ya majina ikifika kwa Donald ingeweza kutaja kwamba ni umbo la Kiingereza la Dòmhnall, kwamba d ya mwisho iliongezwa na waandishi, kwamba Kieire na Kiwelsh vinaelekeza kwenye *Dumnowalos, kwamba -walos ni ya kutawala, na kwamba dumno- ni "dunia" kwa Kieire na "kina" kwa Kiwelsh. Hayo yanatosha aya moja, na kila dai ndani yake linaweza kukaguliwa na msomaji. Vyuo vyetu vimefundisha isimu linganishi ya Kibantu kwa miongo mingi, na tasnifu za majina ya watu zinaandikwa kwa Kiswahili kila mwaka. Waandishi wake wanaijua kazi ya kinyota kuliko yeyote anayeendesha kurasa hizo za majina. Wao ndio ningependa waanze kuandika aya kama hizo hadharani, kwa majina ya Ulaya tuliyobatizwa nayo na kwa yale tuliyorithi kwa babu zetu, kabla orodha za mstari mmoja hazijawa ndizo pekee ambazo mashine zimezisoma.